Haki ya Kushindwa: Mwanamke katika Mashindano ya Michezo ya Video

Wasomaji wa jarida hili wataniwia radhi nikianza makala haya kibandani badala ya maktabani. Nyuma ya kituo cha matatu katika mtaa niliolelewa mjini Nakuru palikuwa na kibanda cha mabati chenye runinga nne, mashine nne za PlayStation na mabenchi mawili ya mbao. Mchezo mmoja wa soka ulilipiwa shilingi 20. Mwenye kibanda alikuwa mzee tuliyemwita Fundi, kwa kuwa zamani alikuwa akitengeneza redio. Alikuwa amebandika ukutani kanuni tatu zilizoandikwa kwa kalamu nzito: lipa kabla ya kucheza, matusi nje, anayefungwa aondoke.

Niliingia humo mara ya kwanza mwaka 2010 nikimfuata kaka yangu, nikalipa shilingi zangu 20, nikafungwa mabao manane kwa nunge. Wavulana waliokuwa kwenye benchi walikwisha kuanza kuangua kicheko. Fundi hakucheka, wala hakuniambia kwamba nimejitahidi. Alinigusa bega akasema, "Inuka, mwanangu, wenzako wanangoja." Siku ya pili nilirudi na shilingi nyingine 20, akazipokea bila kuuliza kama nimetumwa na mtu au kama nimepotea njia, nikafungwa tena, akaniinua tena. Ilinichukua zaidi ya miaka kumi kutambua kwamba katika safari yangu yote ya michezo hii sijawahi kutendewa kwa heshima iliyoishinda ile.

Nasema hivyo kwa sababu mjadala kuhusu nafasi ya mwanamke katika michezo ya video ya ushindani, kila ninapousikia katika kumbi zetu za chuo, huanzia kwenye ushindi. Huulizwa: je, mwanamke anaweza kumshinda mwanamume? Tunataja majina ya mabingwa wa kike, tunahesabu vikombe, tunatoka tukiwa tumeridhika. Mimi naona swali hilo limeulizwa visivyo. Kipimo cha kukubaliwa kwa mtu mahali fulani ni vile anavyotendewa anaposhindwa. Mwanamume akifungwa, amefungwa yeye. Jina lake linafutwa kwenye ubao na mchezo unaendelea. Mwanamke akifungwa, wanawake wote wa ulimwengu wamefungwa pamoja naye. Maadamu hali ni hiyo, mlango unaweza kuwa wazi na bado asijihisi kuwa ameingia.

Hebu nieleze tukio moja. Miaka michache iliyopita nilijiandikisha katika mashindano ya mtoano ya FIFA yaliyoandaliwa na wanafunzi katika ukumbi ambao sitautaja. Tulikuwa wachezaji 32, nami nikiwa mwanamke pekee. Mtangazaji wa mashindano, kijana mcheshi na hodari wa Kiswahili kwa hakika, alinikaribisha kwa kusema kwamba sasa waandalizi wametimiza kanuni ya theluthi ya jinsia iliyomo katika Katiba. Ukumbi ulicheka. Nami nilicheka, kwani kukataa kucheka mahali kama pale ni kujitafutia jina.

Raundi ya kwanza nilishinda mabao mawili kwa moja. Mpinzani wangu hakunipa mkono. Aliigeuza pedi yake juu chini, akabonyeza vitufe kimoja kimoja, akamwambia mwamuzi kuwa ina kasoro na kuomba mechi irudiwe. (Wachezaji wetu wote huiita pedi ile mashine ndogo ya kushika mkononi. Utani unaotokana na neno hilo msichana anapoketi kucheza, sidhani kuna haja ya kuufafanulia msomaji yeyote wa Kenya.) Mwamuzi alikataa ombi lake, jambo ninalomshukuru. Lakini kutoka nyuma ya ukumbi sauti ilisema, "Amemwachia." Hivyo ushindi wangu ukageuka kuwa ukarimu wa mtu mwingine.

Raundi ya pili nilikutana na kijana aliyenizidi kwa kila hali. Nilifungwa manne bila jibu. Hapo ndipo ukumbi mzima uliposimama na kunipigia makofi, makofi marefu kuliko aliyopigiwa mshindi mwenyewe, na mtangazaji akasema kwa sauti ya upole, "Wasichana wamejaribu, jamani!" Nawaomba wasomi wenzangu wausikilize wingi huo. Nilikuwa nimeingia peke yangu, nikaketi peke yangu, nikafanya makosa ya ulinzi ambayo ni yangu mimi na si ya mtu mwingine. Nilipotoka tukawa "wasichana". Makofi yale yaliniuma kuliko mabao. Kijana aliyetolewa kabla yangu, naye kwa mabao manne, alichekwa, akatukanwa kidogo na marafiki zake, akaenda kununua soda. Nilimwonea wivu.

Huenda msomaji akadhani ninakuza jambo dogo la ukumbi mmoja. Tutazame basi yaliyotokea mahali ambapo michezo hii ni kazi ya mshahara. Korea Kusini ndiyo nchi iliyotangulia nyingine nyingi katika kuifanya michezo ya video kuwa taaluma. Mwaka 2016, msichana wa Kikorea aitwaye Kim Se-yeon, anayejulikana kwa jina la mchezoni la Geguri, alicheza mchezo wa Overwatch kwa ustadi uliowafanya wapinzani wake wadai kuwa anatumia programu ya udanganyifu ya kulengea shabaha. Kampuni iliyotengeneza mchezo ilithibitisha kwamba hakudanganya. Uthibitisho huo haukutosha. Ilibidi aketi studioni na kucheza moja kwa moja mbele ya watazamaji, kamera ikielekezwa kwenye mikono yake, ili ulimwengu uone vidole vikifanya kile ambacho wengi walisema haviwezi. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya Shanghai Dragons na kuwa mwanamke wa kwanza katika Ligi ya Overwatch. Tunapolisimulia tukio lake hupenda kumalizia hapo penye usajili. Mimi huwa nakwama kwenye ile kamera ya mikono. Wachezaji wangapi wa kiume walioweza kulenga vizuri wametakiwa kuonyesha vidole vyao?

Upande wa pili wa sarafu hiyo ulionekana Urusi mwaka 2019. Timu iitwayo Vaevictis iliingiza wanawake watupu katika ligi ya nchi hiyo ya mchezo wa League of Legends. Katika mchezo huo, kabla ya mechi kuanza, kila timu huwafungia wapinzani wahusika watano wasiweze kuwatumia. Aghalabu timu huwafungia wale wanaohofiwa zaidi. Wapinzani wa Vaevictis, timu ya ROX, walifungia wahusika watano wote wa nafasi ya usaidizi, ile nafasi ambayo kwa dhana iliyoenea ndiyo ya "kike", ya kumlinda na kumtibu mwenzako ilhali wengine wanapigana. Huo ulikuwa utani ulioandikwa kwa kanuni za mchezo wenyewe, na kampuni mwenye ligi iliwapa ROX onyo. Vaevictis walishindwa mechi hiyo na nyingine nyingi. Lazima tukiri kwamba walikuwa wachezaji wa kiwango cha chini kuliko ligi waliyoingizwa, na kwamba waliowaingiza walitafuta umaarufu zaidi ya ushindi. Lakini linganisha mavuno ya matukio hayo mawili. Geguri alipocheza vizuri kupita kiasi, ilisemwa kwamba si yeye anayecheza. Vaevictis walipocheza vibaya, ilisemwa kwamba ndivyo walivyo wanawake. Katikati ya ncha hizo mbili hapana nafasi ya mwanamke kuwa mchezaji wa kawaida, na wengi wetu, wanawake kwa wanaume, ni wachezaji wa kawaida.

Kwa nini iwe hivyo? Wapo wanaolaumu malezi na wapo wanaolaumu matangazo ya biashara, ambayo kwa miaka mingi yaliuza mashine hizi kama vifaa vya wavulana. Sina ugomvi nao. Ila upo utafiti mmoja ambao nadhani hautajwi vya kutosha. Mwaka 2015 Michael Kasumovic na Jeffrey Kuznekoff walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika mchezo wa Halo 3. Walicheza mechi na watu wasiowafahamu, wakitumia mara sauti ya kiume iliyorekodiwa, mara sauti ya kike iliyorekodiwa, mara kimya, kisha wakachunguza namna wachezaji wenzao walivyojibu. Wachezaji wa kiume waliokuwa dhaifu ndio walioonyesha uadui zaidi kwa sauti ya kike. Kadiri mchezaji alivyokuwa hodari ndivyo alivyozidi kuwa mwema kwake. Sauti ya kiume haikuwaathiri kwa jinsi hiyo. Huo ni mchezo mmoja tu, wala sitaki kuubebesha mzigo wa michezo yote. Hata hivyo ulinikumbusha yule kijana aliyeigeuza pedi yake juu chini. Mtu aliye juu hana cha kuogopa msichana akiingia. Aliye chini huwa na faraja moja tu, kwamba walau wako watu anaowashinda bila jasho. Msichana akimfunga, faraja hiyo inaondoka.

Sasa niingie katika uwanja wetu, wa lugha, maana naona hapo ndipo wanafunzi wa Kiswahili tuna neno ambalo wengine hawana. Kiswahili hakina jinsia katika ngeli zake. Neno "mchezaji" halisemi lolote kuhusu umbile la mtu. "Amefunga" yaweza kuwa ni yeye yeyote. Wenzetu wanaotumia lugha zinazolazimisha kuchagua kiwakilishi cha kike au cha kiume wangetamani sana neema hii. Sisi tumepewa bure, na tunafanya nini nayo? Tunaongeza "wa kike". Tunasema "mchezaji wa kike ameingia raundi ya pili", ilhali sijasikia hata mara moja mtangazaji akisema "mchezaji wa kiume ameingia raundi ya pili". Kivumishi hicho hakikuhitajika na sarufi. Tulikitafuta wenyewe, tukakileta, tukakibandika.

Tunaweza kuzama zaidi. Kucheza kwa ujasiri ni kucheza "kiume". Anayeogopa huambiwa asiwe "kama mwanamke". Hata mkono wa kulia tumeuita mkono wa kuume, na wa kushoto wazee wakauita wa kuke. Jambo ambalo aliyewahi kushika pedi atalitilia shaka, kwani pasipo dole gumba la kushoto mchezaji wako hata hasogei. Sipendekezi kwamba tukae kitako na kuisafisha lugha nzima. Lugha haisafishwi kwa azimio la mkutano. Ninachosema ni kwamba kivumishi "wa kike" katika kinywa cha mtangazaji ni uamuzi, na uamuzi unaweza kubadilishwa leo jioni.

Najua pingamizi litakalotolewa, na limetolewa mbele yangu mara nyingi, hata na wanawake. Husemwa kwamba mashindano ni mahali pa maneno makali. Kwamba kejeli na vijembe ni sehemu ya utamu wake. Na kwamba mwanamke asiyeweza kustahimili kejeli abaki nyumbani. Pingamizi hili lina sehemu ya ukweli ambayo watetezi wa wanawake huiruka haraka mno. Ukumbi wa mashindano ambao kila mtu amenyamaza kwa adabu ni mahali pa kuchosha. Mimi mwenyewe nina ulimi, na kaka yangu ni shahidi.

Lakini yeyote anayedai kwamba wanawake hawana kifua cha ushindani wa maneno hajasoma fasihi ya Waswahili. Vyama vya lelemama vya wanawake wa Mombasa, hasa katika nusu ya kwanza ya karne ya ishirini, vilishindana kwa ngoma, kwa mavazi, kwa karamu na kwa nyimbo za kuumbuana zilizotungwa kwa mafumbo makali. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, yapata mwaka 1880 na ambaye aliuza vyungu kabla ya kuwa malkia wa taarabu, aliimbiwa na wapinzani wake nyimbo za kumdhihaki kwa asili yake ya shamba na umaskini wake. Hakuomba maneno yapigwe marufuku. Alijibu kwa wimbo, na mwaka 1928 akasafiri hadi Bombay kurekodi santuri. Na mipasho ya taarabu ya siku zetu ni ulingo ambao kwa kweli wanaume wengi huuogopa. Basi tusidanganyane kwamba tatizo ni ukali wa maneno.

Tatizo ni kile ambacho maneno hayo yanalenga. Kijembe kizuri hulenga jambo ambalo mlengwa alilifanya, na humwachia nafasi ya kujibu. Ukiniambia kwamba beki zangu zimelala kama walinzi wa benki ya kijijini, umenichekesha na umenipa kazi. Mechi ijayo nitaziamsha na nitakuuliza habari za benki. Ukiniambia nirudi jikoni, nitakujibu nini? Hakuna bao ninaloweza kufunga litakalolifuta neno hilo, kwa kuwa halikutokana na mchezo wangu. Hata nikishinda kumi kwa nunge bado nitakuwa mtu yule yule uliyemwambia arudi jikoni. Neno la namna hiyo halishindani nami. Linaniondoa. Fundi wa Nakuru, ambaye sina hakika kama alimaliza shule ya msingi, aliijua tofauti hii. Kanuni yake ilisema "matusi nje", na vijembe kibandani mwake vilinawiri kama magugu.

Mwaka 2012 tofauti hiyo hiyo ilijitokeza hadharani nchini Marekani. Katika kipindi cha mashindano ya michezo ya mapigano kilichorushwa mtandaoni na kufadhiliwa na kampuni ya Capcom, mchezaji Miranda Pakozdi aliandamwa kwa maneno kuhusu mwili wake na kocha wa timu yake mwenyewe, mbele ya kamera, hadi akajiondoa. Alipoulizwa, kocha huyo alijitetea kwa kusema kwamba udhalilishaji wa namna hiyo ni sehemu ya utamaduni wa jumuiya yao. Baadaye aliomba radhi. Utetezi wa utamaduni sisi Waafrika tunaufahamu vyema. Tumeusikia ukitumiwa kutetea mambo mengi ambayo utamaduni wenyewe, ukiulizwa, ungeyakana.

Je, suluhisho ni mashindano ya wanawake peke yao? Hapa naandika kwa kusitasita. Mwaka 2021 kampuni ya Riot ilianzisha mfululizo uitwao Game Changers kwa ajili ya wanawake wanaocheza Valorant, na mwaka 2022 fainali zake za dunia zilifanyika Berlin, ambako timu ya G2 Gozen ilitwaa ubingwa. Wapo wanaosema kuwa mashindano ya aina hiyo yanakiri kwamba mwanamke ni dhaifu, kwa sababu hakuna misuli inayohitajika kubonyeza kitufe. Hoja hiyo ina mantiki kwenye karatasi. Scarlett wa Kanada alishinda mashindano makubwa ya StarCraft II huko PyeongChang mwaka 2018 akiwabwaga wanaume, na Li Xiaomeng wa China, aitwaye Liooon, alitwaa ubingwa wa dunia wa Hearthstone mwaka 2019. Liooon huyo huyo alisimulia baada ya kushinda jinsi mtu alivyomwambia, alipokuwa kwenye foleni ya mashindano miaka miwili kabla, kwamba kama ni msichana asipange foleni hapo.

Lakini nikikumbuka makofi yale niliyopigiwa, naona jambo ambalo wenye hoja hiyo hawalioni. Katika mashindano ya wanawake watupu, atakayetolewa raundi ya kwanza atatolewa kama yeye. Hatakuwa "wasichana". Atakasirika, atamlaumu mwenzake, atakwenda kununua soda. Huko ndiko mwanamke anakoweza kujifunza kushindwa, na hakuna bingwa asiyejifunza kushindwa mara elfu. Kwa hiyo nayaunga mkono, kwa sharti moja: yasigeuzwe kuwa jibu la mwandalizi mvivu ambaye, akiulizwa kwa nini ukumbi wake hauna wanawake, hujibu kwamba wanawake wana mashindano yao.

Kwa upande wa Kenya, jina linalotajwa mara moja ni la Sylvia Gathoni, QueenArrow, mchezaji wa Tekken aliyesajiliwa na timu ya UYU ya Marekani mwaka 2018. Vyombo vya habari vilimwita mwanamke wa kwanza Mkenya kufanya hivyo, na ilistahili. Wasichana niliowaona wakicheza Tekken baada ya hapo walikuwa wengi kuliko niliowaona kabla. Ila huwa nawaza juu ya uzito wa hilo neno "wa kwanza". Wa kwanza hana ruhusa ya kuwa na siku mbaya. Ningependa tufike kwa wa mia tatu, yule ambaye hakuna gazeti litakalomwandika, anayecheza kwa wastani na kushindwa nusu ya mechi zake.

Wa mia tatu huyo ataletwa na nini? Tunayo sheria, ile ya mwaka 2018 kuhusu matumizi mabaya ya kompyuta na uhalifu wa mitandaoni, inayomwadhibu anayemwandama mwenzake mtandaoni. Naiheshimu, lakini sijui msichana atakayekwenda kituo cha polisi kwa sababu ya neno alilorushiwa katika raundi ya pili. Kinachofanya kazi ni mwamuzi aliye ndani ya chumba: mtu mmoja mwenye mamlaka ya kusema "toka" na ambaye anajulikana kuwa atalisema. Wachezaji wa ovyo si wengi. Walio wengi ni wale wanaocheka kwa kuwa wengine wanacheka, na hao humtazama mwenye kibanda kwanza ili wajue kama inafaa kucheka.

Na katika vyuo vyetu, wenye vibanda ni sisi. Nani wanaoitwa kutangaza mashindano haya ukumbini? Mara nyingi ni wanafunzi wa Kiswahili, kwa kuwa tunasifiwa ulimi. Yule mtangazaji wa "wasichana wamejaribu" alikuwa mwenzetu wa idara, mtu ambaye ameandika insha nzuri kuhusu taasubi ya kiume katika tamthilia, na ambaye angeshangaa sana kuambiwa kwamba yeye mwenyewe alifanya walichofanya wahusika wake. Nilimwambia baadaye. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza alipaswa kusema nini. Nikamwambia angesema jina langu na idadi ya mabao. "Basi?" akauliza. Basi.

Nimeyaandika haya kwa sababu binamu yangu, aliyejiunga na chuo mwaka huu, anataka kujiandikisha katika mashindano ya muhula ujao. Anacheza vizuri kuliko nilivyowahi kucheza mimi. Juzi alikuja chumbani kwangu na fomu, akaniuliza, "Dada, niandike jina langu au niandike lile la mchezoni?" Jina lake la mchezoni halina jinsia; amelitumia kwa miaka minne, na kwa miaka hiyo minne amezima kinasasauti kila anapocheza mtandaoni ili sauti yake isimfichue. Nilimkumbuka Mary Ann Evans wa Uingereza, aliyeandika riwaya zake katika karne ya kumi na tisa kwa jina la George Eliot ili zisomwe kama riwaya na si kama kazi ya mwanamke. Sikumtajia habari hizo. Alihitaji jibu, nami sikuwa nalo. Nikimshauri aandike jina lake nitakuwa nimempeleka mbele ya ukumbi ule ule. Nikimshauri alifiche, nitakuwa nimekubali kwamba ukumbi ni wao.

Aliandika jina lake kamili kwa herufi kubwa. Kisha akauliza kama fomu inaweza kubadilishwa hadi siku ya mwisho ya usajili, nikamwambia inaweza. Bado wiki mbili.